Chakula cha Alhamisi

Eufrasia na mumewe Mihayo walipanga vyumba viwili Maganzo, mkoani Shinyanga, nyuma ya soko. Walikuwa na watoto watatu. Wa kwanza ni Wema, msichana wa darasa la tano. Wa pili ni Sostenes, aliyekuwa darasa la kwanza. Wa mwisho ni Mariana, ambaye ndio kwanza alikuwa anaanza kutembea. Majirani walimwita Eufrasia Mama Wema, na mumewe wakamwita Baba Wema.

Mihayo alikuwa mchimbaji mdogo wa almasi. Alitoka nyumbani alfajiri, akarudi jioni na vumbi hadi kwenye kope. Shimo alilofanyia kazi lilikuwa la mzee mmoja aitwaye Chacha. Jiwe likipatikana, Chacha aliliuza, na kila mchimbaji alipata mgawo wake. Lakini jiwe halipatikani kila siku. Miezi mingine ilipita bila jiwe hata moja. Kwa hiyo kila Jumamosi Chacha aliwapa watu wake posho ya chakula. Mihayo alipata shilingi elfu sabini. Elfu ishirini alibaki nazo. Elfu hamsini alimpa mkewe.

Jumamosi nyumba ilichangamka. Eufrasia alinunua nyama, mchele na soda za watoto. Jumapili walikula wali tena. Jumatatu Wema alianza safari za dukani. Asubuhi alitumwa sukari ya mia tano. Akirudi shule alitumwa unga nusu kilo. Jioni alitumwa mafuta ya kula ya mia tano, yaliyofungwa kwenye kimfuko cha nailoni. Mafuta yalitosha kukaangia kitunguu mara moja tu. Kesho yake safari zilianza upya.

Jumatano jioni Eufrasia alifungua pindo la kanga yake na kukuta sarafu mbili tatu. Ndivyo ilivyokuwa karibu kila wiki. Alhamisi watoto walikunywa uji usio na sukari, na jioni walikula ugali kwa chumvi. Ijumaa ilikuwa vilevile. Wote walisubiri Jumamosi.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba, Wema alianguka mstarini shuleni. Mwalimu alimkalisha kivulini, akampa uji wa walimu, kisha akatuma watu wamwite mama yake. Eufrasia alifika akihema, na Mariana mgongoni. Mwalimu alimuuliza Wema kwa upole alikula nini tangu jana. Wema alimtazama mama yake. Halafu akasema alikuwa ameshiba, ila jua lilikuwa kali.

Eufrasia alimshika mkono binti yake wakarudi nyumbani. Uongo ule wa mtoto ulimuuma Eufrasia kuliko kama angesema ukweli.

Jioni Mihayo aliambiwa. Akauliza posho ilikwenda wapi. Eufrasia alijaribu kukumbuka. Nyama alikumbuka. Mchele alikumbuka. Zilizobaki zilitoka mia tano mia tano, na hakuweza kuzifuata. Mihayo alikasirika. Alisema mwisho wa mwezi atampeleka Wema kijijini Songwa, kwa kaka yake. Kule kuna maziwa. Kule Wema atasaidia kazi za nyumbani na kuchunga, na hapa kutakuwa na mdomo mmoja pungufu.

Eufrasia alijua maana yake. Mtoto akianza kuchunga, shule huwa inasahaulika pole pole.

"Nipe mwezi mmoja, Baba Wema," alisema. "Nikishindwa, mimi mwenyewe nitamfungia nguo zake."

Mihayo alikubali, ingawa hakuona mwezi mmoja utabadilisha nini.

Kesho yake Eufrasia alikwenda kwa jirani yake kuomba unga. Jirani huyo aliitwa Mwahija, lakini watu wengi walimwita Mama Zakia. Alikuwa mama wa makamo, Mwislamu, mzaliwa wa Tabora. Mumewe, Salehe, alikuwa fundi cherehani pale sokoni. Kazi ya Salehe ilikuwa na msimu wake. Ikikaribia Idi au shule zikifunguliwa, alishona hadi usiku. Miezi mingine alikaa siku nzima bila mteja. Hata hivyo, jiko la Mwahija halikulala bila moto. Eufrasia alikuwa ameliona jambo hilo miaka yote, lakini hakuwahi kuuliza.

"Shikamoo, Mama Zakia."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Mwahija alimpimia unga bakuli zima, akaongeza dagaa kwenye kipande cha gazeti. Habari za Wema alikuwa amekwisha kuzisikia, lakini hakuzitaja. Eufrasia alisimama na bakuli mkononi, asiondoke. Mwishoni akauliza ni vipi nyumba hii haikosi chakula, na Mzee Salehe naye hapati fedha kila wiki.

Mwahija alimvutia kigoda. Alimweleza kwamba kabla ya kuhamia Maganzo alikuwa mpishi mkuu wa shule moja ya bweni, kule Shinyanga mjini.

"Kwa wanafunzi mia tatu huwezi kumtuma mtoto dukani na mia tano," alisema. "Ilibidi Jumatatu nijue Alhamisi watakula nini. Nilipostaafu nikaendelea hivyohivyo. Sufuria tu ndiyo imekuwa ndogo."

Wakapatana kwamba Jumamosi, posho ikitoka, Eufrasia asinunue kitu chochote kabla hawajaonana.

Jumamosi Mwahija alikuja na chupa tupu ya lita moja. Alimwomba Eufrasia anunue mafuta kama alivyozoea, vimfuko vinne vya mia tano. Vilipoletwa, alivimimina vyote kwenye chupa. Mafuta yakafika robo ya chupa.

Mwahija aliinua chupa juu ili Eufrasia aone vizuri. Robo lita kwa shilingi elfu mbili. Kwa hiyo ukiijaza chupa hii kwa vimfuko, utatoa elfu nane. Na lita nzima, palepale dukani, ilikuwa elfu tano na mia tano.

Eufrasia aliitazama ile chupa. Kwa miaka mingapi alikuwa amenunua mafuta hivyo? Akasema mwenye duka amemwibia.

"Hajakuibia," Mwahija alijibu. "Kupimapima ni kazi, na vimfuko navyo vinanunuliwa. Ila kazi hiyo unailipia wewe."

Ilikuwa hivyo kwa sukari. Ilikuwa hivyo kwa unga na kwa mkaa wa kopo. Mwahija hakusema ni marufuku kabisa kununua kidogo kidogo. Nyanya na mboga za majani huharibika, hizo nunua za siku moja au mbili. Lakini vitu vinavyokaa, kama mafuta, sukari, maharage na mahindi, nunua kwa kipimo kikubwa unachokiweza. Ukiwa huwezi peke yako, shirikiana na jirani, mgawane.

Kisha Mwahija aliuliza swali ambalo Eufrasia hakulitegemea. Aliuliza ndani ya nyumba kuna chakula gani. Eufrasia alijibu hakuna. Mwahija akaomba waangalie pamoja.

Chini ya kitanda walikuta nusu gunia la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa, ambavyo mama yake Mihayo alileta kutoka Songwa. Kwenye ndoo yenye mfuniko walikuta choroko. Juu ya kabati palikuwa na majani ya kunde yaliyokaushwa. Eufrasia aliona aibu kidogo. Alisema hivyo ni vyakula vya kijijini, na watoto wa Maganzo wamezoea chapati asubuhi.

"Hiki ni chakula cha siku tatu," Mwahija alisema. "Watoto wamelala njaa juu yake."

Hakulisema kwa ukali. Lakini Eufrasia alikaa kitandani na kulia. Mwahija alimpakata Mariana, akasubiri hadi jirani yake alipomaliza kulia na kujifuta uso.

Ndipo walipoanza kupanga. Walianza na vile vilivyokuwemo ndani. Asubuhi watoto watakula michembe ya kuchemsha na karanga za kutwanga. Jumapili watakula wali na nyama, lakini nusu kilo, siyo kilo mbili. Nyama kidogo itawekwa akiba na kupikwa ndani ya maharage ya Jumatatu. Maharage yatalowekwa usiku kucha ili yaive upesi na kula mkaa kidogo. Yatapikwa ya siku mbili, Jumatatu na Jumanne. Jumatano ni majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga. Alhamisi ni choroko. Ijumaa ni dagaa. Mchicha au mlenda utakuwepo kila siku, na papai au embe likiwa na bei nzuri.

Jambo moja Mwahija alilirudia zaidi ya mengine. Kubana matumizi siyo kupunguza chakula cha mtoto. Mtoto anahitaji kila siku chakula cha kumpa nguvu, chakula cha kujenga mwili na chakula cha kumlinda na maradhi. Dagaa, choroko na maharage hujenga mwili, na bei yake ni ndogo kuliko ya nyama. Ukitaka kupunguza, punguza soda. Punguza vitu unavyovinunua kwa sababu tu umeviona.

Eufrasia aliuliza kama ni lazima aandike. Mwahija alisema anayependa aandike, na asiyependa akariri. Eufrasia aliamua kukariri. Aliurudia ule mpango kwa sauti akiwa anafua, na baada ya siku chache watoto nao walikuwa wanaujua.

Wiki ya kwanza haikwenda vizuri. Jumanne mchana kaka wawili wa Mihayo walifika kutoka Songwa bila taarifa. Walibisha hodi, wakasalimia kwa Kisukuma, wakakaa. Mgeni hafukuzwi, na shemeji hapewi chakula kidogo. Maharage yaliisha. Jumatano asubuhi dagaa wa Ijumaa nao waliisha. Wageni walipoondoka, Eufrasia alikwenda kwa Mwahija akasema mpango umekufa.

Mwahija alicheka. Alisema hata shuleni wakaguzi walikuwa wanafika bila kubisha, na walikula. Mpango ukiguswa hauvunjiki, unasogezwa. Choroko za Alhamisi zigawanywe mara mbili, na michembe iongezwe. Kuanzia wiki inayofuata, Eufrasia atenge fungu dogo la mgeni. Asipokuja mgeni, fungu hilo libaki.

Eufrasia alifanya hivyo. Ijumaa ile walikula choroko mara ya pili, na hakuna aliyelalamika. Wiki ya pili mafuta yalikuwa bado yapo. Sukari ilikuwa bado ipo. Mahindi aliyonunua debe moja na kusagisha yalikuwa hayajafika nusu. Hakuhitaji kuvinunua tena. Jumamosi ilipofika, fedha ilikuwa imebaki kwenye pindo la kanga.

Mihayo aliyaona haya yote. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja, mwezi wenyewe ukiwa unakwisha, alirudi na posho, akakaa karibu na mkewe aliyekuwa anachagua maharage. Badala ya kumpa elfu hamsini, alimwekea mapajani posho yote.

Eufrasia alimuuliza kuna nini.

"Mimi nakula wali nyama shimoni kila siku, elfu tatu," Mihayo alisema. "Ile Alhamisi Wema alipoanguka, mimi nilikuwa nimekula nyama."

Eufrasia hakuwa amelijua hilo, na angeweza kusema mengi. Aliona mikono ya mumewe, ilivyochubuka kwa sururu, akajua maneno yale yalikuwa mazito kuliko mchanga anaoubeba. Alihesabu elfu tano, akamrudishia za chai na sabuni. Akamwambia kuanzia Jumatatu atambebea chakula.

Mihayo alikubali. Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba Wema atabaki hapa. Mitihani yake iko karibu, na Songwa nani atamsaidia kusoma?

Jumatatu Mihayo alikwenda kazini na hotipoti. Wenzake walimcheka. Mchimbaji mmoja aitwaye Ndaki, rafiki yake wa karibu, alimuuliza ameandikishwa shule gani ya chekechea. Mihayo alicheka nao, akafunua hotipoti na kula. Maharage yalikuwa na vipande vya nyama na harufu ya kitunguu. Kicheko kilipungua. Baada ya siku chache Ndaki aliomba kuonja choroko. Mihayo hakumsahau mama muuza chakula wa pale shimoni. Kila siku alikunywa chai kwake na kukaa kwenye benchi lake, ili asione kama ametupwa.

Sasa fedha ya akiba ilikuwa nyingi kidogo. Eufrasia alimuuliza Mwahija aifanyie nini. Mwahija alimwambia atazame msimu. Mavuno yametoka, mahindi ni mengi, bei iko chini. Mvua zikianza bei itapanda. Kwa hiyo kila Jumamosi Eufrasia alinunua debe moja la mahindi ya akiba. Wiki nyingine alinunua maharage au choroko badala yake. Aliyaanika vizuri juani, kwa sababu nafaka yenye unyevu huota ukungu, na ukungu ni sumu. Alinunua mifuko ile isiyopitisha hewa, akaifunga kwa kukaza sana ili wadudu wasipate kuishi ndani. Mihayo alitengeneza kichanja cha miti, mifuko isikae sakafuni.

Mwezi wa kumi na mbili mahindi yalipanda bei karibu mara mbili. Wakati huo kichanja kilikuwa kimejaa.

Mwezi wa kwanza mvua zilikuwa kubwa. Maji yalijaa shimoni, na ukuta mmoja ukaporomoka usiku. Bahati nzuri hapakuwa na mtu ndani. Chacha aliwakusanya watu wake akawaambia kazi imesimama hadi maji yakauke. Na kazi ikisimama, posho nayo inasimama. Alisema naye hana kitu.

Wachimbaji walitawanyika. Wengine walirudi vijijini. Ndaki alikwenda Geita kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu, akamwacha mkewe na watoto na fedha kidogo sana.

Nyumbani kwa Mihayo, Jumatatu ilikuwa maharage. Alhamisi ilikuwa choroko. Nyama ilikuwa imepungua, lakini hakuna siku iliyopita bila chakula. Mihayo alipata vibarua vya kupalilia mashamba ya watu, na fedha hiyo ikawa ya mboga na kusagisha. Wema alikuwa amefaulu kuingia darasa la sita. Alisoma jioni kando ya mama yake huku mvua ikipiga bati.

Eufrasia aliposikia watoto wa Ndaki wamelala bila kula, alimuuliza mumewe kama wawapelekee mahindi. Mihayo alibeba debe la mahindi begani akalipeleka mchana, watu wote wakimwona.

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa maneno. Watu walijiuliza inakuwaje. Shimo limefungwa, posho hakuna, wenye nguvu wamekimbilia Geita, lakini Mihayo anagawa mahindi. Mtu mmoja akasema Mihayo ameokota jiwe na kulificha. Wa pili akasema ameliona kwa macho yake. Wa tatu akalitajia bei.

Hakuna jambo baya kwa mchimbaji kuliko hilo. Jiwe ni la wote walioshuka shimoni. Anayelificha huwa ameiba kwa mwenye shimo na kwa wenzake. Hatapata kazi tena popote, na anaweza kuishia polisi.

Alhamisi moja, mchana, Chacha alifika nyumbani kwa Mihayo akiwa na wachimbaji wawili. Hakuketi. Alisema amesikia habari, na amekuja kuuliza mwenyewe kabla hajaziamini. Mihayo alisimama. Mishipa ya shingo ilimtoka. Alikuwa amefanya kazi kwa mzee huyu miaka mingi, na hakuwahi kuchukua hata kokoto.

Eufrasia alimgusa mumewe mkono. Kisha akamwambia Chacha: "Shikamoo, mzee. Karibu ndani uone. Hapa hakuna kitu tunachoficha."

Aliwaongoza hadi chumba cha ndani. Aliwaonyesha kichanja. Mfuko huu aliujaza mwezi wa nane, bei ikiwa chini. Huu ni wa mwezi wa tisa. Ndoo hii ni maharage waliyogawana na Mama Zakia. Michembe hii imetoka Songwa. Alieleza fedha ya kila mfuko ilitoka wapi. Huu umetoka kwenye soda walizoacha. Huu, kwenye mafuta yasiyonunuliwa tena kwa vimfuko. Huu, na mingine miwili, imetoka kwenye fedha ya chakula cha mchana cha Mihayo.

Chacha alisikiliza, lakini uso wake haukulainika. Alisema posho anayompa Mihayo ndiyo hiyohiyo anayowapa wengine wote, na wengine hawafiki nayo Alhamisi.

Wakati huo Sostenes aliingia akitoka shule, akaweka begi chini, akawaamkia wageni. Chacha alimwita karibu. Alimuuliza kwa sauti ya chini leo watakula nini.

"Leo ni Alhamisi," Sostenes alisema. "Ni ugali, choroko na mchicha."

"Na kesho?"

"Dagaa."

"Na Jumapili?"

"Wali na nyama kidogo. Nyingine mama anaificha."

"Anaificha wapi?"

"Kwenye maharage ya Jumatatu."

Mchimbaji mmoja alishindwa kujizuia, akacheka. Mwenzake naye akacheka. Chacha alitoka nje hadi jikoni. Akafunua sufuria iliyokuwa motoni. Zilikuwa choroko.

Mwahija alikuwa amesimama mlangoni kwake tangu wageni walipoingia. Sasa alivuka uwanja, akamsalimia Chacha, akamwambia kwamba kila debe lililoingia nyumba hii ameliona, na mengine ameyabeba yeye. Akaulizwe muuza mahindi sokoni pia, ana kumbukumbu nzuri.

Chacha alivua kofia, akaketi kwenye kigoda. Eufrasia aliwapakulia wote watatu, kwa sababu fungu la mgeni lilikuwepo. Walikula. Chacha alipomaliza, alinawa, akamgeukia Mihayo.

"Nilidhani posho yangu ni ndogo," alisema. "Kila Jumatano watu wananifuata kuomba ya Jumamosi, nami najilaumu. Kumbe ndani ya posho hiyo ilikuwemo hii akiba yote. Nisamehe, Mihayo. Nawe, mama, umenifundisha jambo."

Kesho yake, Chacha alikwenda pale wachimbaji waliobaki wanapokutana kucheza bao. Alisema mbele ya wote kwamba amefika kwa Mihayo, ameona kila kitu, na hakuna jiwe. Alisema kuna mke mwenye akili na mume aliyekubali kubeba hotipoti. Anayetaka kubisha aje kwake. Hakuna aliyebisha.

Mvua zilipopungua, maji yalikauka. Ndaki alirudi kutoka Geita. Kabla hajakwenda kazini, alipita kwa Mihayo kushukuru kwa lile debe, na mkewe alianza kuja kwa Eufrasia kila Ijumaa kupanga wiki. Baadaye wanawake wengine wawili waliungana nao. Walinunua mafuta dumu zima na kugawana kwa lita.

Chacha naye alikuja tena. Safari hii alikaa bila kukaribishwa mara mbili. Alieleza kwamba amezungumza na wachimbaji wake, nao wamekubali. Wanataka chakula cha mchana kipikwe kwa pamoja, na kila mtu akatwe kidogo kwenye posho. Mama muuza chakula wa shimoni atapika. Lakini anatafutwa mtu wa kupanga na kununua, naye atalipwa. Alimwomba Eufrasia.

Eufrasia alisema hataifanya peke yake. Alikwenda kwa Mwahija, wakazungumza hadi adhana ya magharibi. Mwahija alisema alidhani amekwisha kuyaaga masufuria makubwa. Kisha akauliza watu ni wangapi.

Jumamosi ya kwanza waliondoka asubuhi na mapema kwenda gulioni. Eufrasia na Mwahija walitangulia, wakizungumza juu ya maharage, kama wanunue ya njano au mekundu, na kama dagaa wa leo watakuwa wakavu. Nyuma yao Mihayo alisukuma baiskeli yenye magunia matupu. Njiani walikutana na mzee Salehe akifungua kibanda chake cha cherehani. Salehe alimsalimia Mihayo, akamuuliza leo ni kazi gani hiyo, na shimo liko upande wa pili.

"Leo mimi ni mbebaji, mzee," Mihayo alisema. "Wenye mipango wametangulia."

Akaongeza mwendo ili asiachwe.